Gundi Inayokunywa Maji

Ekiru mwanangu,

Baba yako aliponiuliza mbele yako, "Sasa shemeji, unasemaje? Niende naye?" mimi niliangalia vidole vyangu vya miguu. Halafu nikasema, "Sawa." Neno moja tu, tena kwa ile sauti yangu ambayo Fundi Ewoi husema ni ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Wewe ulikuwa umekaa juu ya rundo la mabamba pale karakana, unabandua gundi kwenye kucha. Uliinua macho, ukanitazama, ukashuka, ukatoka nje. Tangu hapo hujaniita Mama. Ukitaka chumvi unasema, "Lete chumvi." Ukitaka kupita unasema, "Nipishe."

Kesho lori la samaki linakuja kukuchukua kwenda Lowarengak, kule ziwani kwa baba yako. Sasa hivi uko kwa Fundi, umeenda kumuaga, na mimi nimekaa hapa mlangoni na kalamu, kwa sababu nikiwa na kalamu siogopi sana. Sitakuandikia habari za mswaki wala za kutembea peku juani. Hizo baba yako anazijua, na usipozifuata miguu yako itakuambia. Nataka kukuambia kwa nini nilisema lile "sawa," na lilimaanisha nini. Lakini njia ya kufika huko inapitia kwenye gundi, nawe unajua mimi siwezi kuanza jambo katikati. Nivumilie.

Unajua si mimi niliyekuzaa. Hilo hatukukuficha. Aliyekuzaa ni dada yangu Nakolong, na homa ilipomchukua wewe ulikuwa bado mtoto wa mgongoni, mimi nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Baba yako alikuja mazishini, akakaa kidogo, akaenda zake ziwani, hakurudi. Simsemi vibaya leo. Wakati ule nilimsema vibaya sana, ila moyoni tu. Ata, nyanya yetu, alitulea wote wawili, mimi na wewe, hadi nilipomaliza kidato cha nne. Kisha mbuzi wa Kaikor wakakosa mchungaji, naye akarudi kwao, tukabaki na hiki chumba chetu cha Lodwar na sufuria tatu.

Siku zile za kwanza baada ya mazishi ulikuwa unamtafuta mama yako kwa kilio. Mimi nyimbo za kubembeleza nilizijua, lakini niliona aibu kuimba, hata mbele ya mtoto asiyejua kusema. Basi nikawa nakusomea jedwali la kuzidisha. Mbili mara mbili, nne. Nikifika saba mara nane nakwama, naanza kuhesabu kwa Kiturkana kwa vidole, na hapo ndipo ulikuwa unalala. Hadi leo nikipita karibu na shule nikasikia watoto wanaimba jedwali, mikono yangu inatafuta mtu wa kubeba.

Aibu yangu hiyo si jambo dogo. Nyumbani nilisema Kiturkana, shuleni nikafundishwa Kiswahili na Kiingereza, na kadiri nilivyopata lugha nyingi ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Mwalimu alikuwa akiuliza swali, jibu ninalo, limekaa pale kooni limevaa hadi viatu, lakini halitoki. Mwenzangu anajibu vibaya, anapigiwa makofi kwa kujaribu. Mimi nabaki na jibu langu zuri, linaharibika taratibu kama maziwa. Nakuambia haya kwa sababu wewe hukuwa hivyo kamwe. Wewe ukifikiri jambo, limeshatoka. Nilikuwa nakuonea wivu.

Unakumbuka Fundi aliponichukua kazini? Alikuwa anashona makatambuga ya tairi na kuchomelea milango. Halafu wafanyabiashara wa samaki wakaanza kumfuata: fundi, tutengenezee sanduku la barafu, samaki wanafika Lodwar wamechoka kuliko sisi. Akapata mabaki ya yale mabamba meupe ya povu gumu, ambayo matajiri wanayaweka chini ya mabati ili nyumba isiwe tanuri. Mepesi, mpaka wewe ulikuwa unabeba moja kichwani na upepo ukitaka kuondoka nawe. Fundi akasema, "Akai, wewe umesoma. Soma hizi gundi, uniambie ipi inashika hili povu."

Nilisoma nini? Nilichukua gundi ya viatu. Niliwaza, kama inashika tairi likatembea hadi Lokiriama na kurudi, itashindwa na kitu laini kama hiki? Nikapaka sanduku zima, bila kujaribu hata kipande. Nikalifunika, tukaenda kulala. Asubuhi ulitangulia wewe. Ulirudi mbio.

"Mama! Gundi imekula sanduku!"

Tukaenda. Kila mahali nilipopaka palikuwa na shimo, kingo zimeyeyuka zimekunjamana kama plastiki iliyotupwa motoni. Nilitamani kuingia ndani ya yale mashimo. Fundi aliokota kilichobaki, akakizungusha.

"Haijala," akasema. "Imeonja tu. Ona, imekuachia kona."

Alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ukacheka. Mimi sikucheka, nilikasirika siku nzima, nikakuchapa kwa sababu ya kijiko ambacho hata hukukipoteza. Kijiko kilikuwa chini ya mkeka. Nilikiona jioni, sikusema.

Baadaye nikaleta gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu hiyo ina maji tu, haichomi povu. Ikakauka vizuri kwenye kingo, ngumu kama ganda la yai. Tukajigamba. Tulipofungua yale mabamba baada ya siku nyingi, katikati ilikuwa bado maziwa. Povu halipitishi hewa wala maji. Gundi ya katikati haina pa kukaukia. Niliitazama ile nyeupe mbichi imelala gizani humo siku zote hizo, huku nje kila kitu kikionekana kimeshika.

Hapo ndipo tukaanza kujaribu kwa adabu. Wewe uliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Tunakata vipande, tunapaka kila kimoja gundi yake, tunaandika alama kwa makaa. Kimoja kinakaa ndani ya maji kwenye karai. Kimoja kinapandishwa juu ya mabati, mahali ambapo kuku hakanyagi mchana. Kimoja kinafungwa nyuma ya pikipiki ya jirani, kiende kurushwarushwa kwenye mawe hadi jioni. Kisha vyote vinaletwa kwako, kwa sababu kuvunja ilikuwa kazi yako. Nilikufundisha cha kutazama: kikiachana pale kwenye mstari wa gundi, gundi imeshindwa. Kikipasuka pembeni, povu lenyewe likachanika na gundi ikabaki imeng'ang'ana, hiyo ndiyo tunayotaka. Ukawa unapiga kelele kama mtangazaji wa mpira: "Povu limekufaaa! Gundi iko hai!" Watu wa barabarani walikuwa wanasimama.

Nilikuwa na furaha siku zile, Ekiru. Sikujua kama ile ilikuwa furaha. Nilidhani ni kazi.

Kisha ile safari ya Kakuma, kwa Mama Halima, Msomali mwenye duka la rangi na gundi mle kwenye kambi ya wakimbizi. Ulishika upindo wa nguo yangu njia nzima, si kwa kuogopa, ulitaka mkono mmoja uwe huru wa kuonyesha vitu. Mimi nilisimama mbele ya meza yake nikaomba gundi kwa ile sauti ya mtungini.

"Wewe msichana," Mama Halima akasema, "mbona unanong'ona? Gundi umekuja kuiba?"

Ukajibu wewe: "Hapana mama, anaongea hivyo. Hata akigombana anaongea hivyo."

"Walahi, huyu ndiye mkubwa wako?"

"Ndiye mama yangu."

Alinitazama, akakutazama, akatazama urefu wangu na wako, hakuuliza. Akainama chini ya meza akatoa chupa yenye gundi ya rangi ya asali. "Hii haiyeyushi povu. Hii inafura, kama mandazi. Ukiweka, weka na mawe juu, la sivyo itainua paa."

Na kweli, mara ya kwanza tulisahau mawe. Gundi ilifura ikasukuma mabamba, sanduku likaota nundu. Ukalipa jina: Ngamia. Lile Ngamia lipo hadi leo, Fundi anawekea nyundo zake.

Kwenye chupa kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Nilisoma yote, mimi hupenda kusoma vitu ambavyo havinitazami. Iliandikwa kwamba upande mmoja ulowanishwe maji kidogo kabla ya kupaka. Nilisoma nikaguna. Niliona aliyeandika anaishi kwenye nchi yenye mito mitano. Hapa maji tunayanunua kwa mtungi, tunayapima kwa kikombe, nimwambie Fundi tuinyweshe gundi? Niliogopa kuchekwa. Tukapaka kavu. Tukajaribu vipande, vikashika vizuri sana, juani, majini, hata kwenye pikipiki. Wewe ulitangaza mpaka ukapoteza sauti.

Nilikosea wapi, nilikuja kujua baadaye. Vipande vyetu vilikuwa vidogo kama mche wa sabuni. Unyevu kidogo ulio hewani uliweza kuingia kutoka pande zote ukafika katikati. Lakini ukuta wa sanduku ni mabamba mawili mapana yamelaliana ili ukuta uwe mnene. Pale katikati hakuna hewa inayofika, na hewa yetu yenyewe ni kavu kama majivu. Nilijaribu kitu kidogo nikaahidi kikubwa. Tukauza masanduku.

Siku aliyokuja yule mtu, ulikuwa unakunywa uji. Alishuka kwenye lori, akaingia na sanduku letu begani, akalitupa chini, ukuta mmoja ukafunguka kama kitabu.

"Ejok," akatusalimu.

"Ejok," Fundi akajibu.

"Nani ametengeneza hii takataka?"

Fundi akanionyesha kwa kidevu. "Mwalimu ndiye huyo."

Mimi nikatazama vidole vya miguu. Wewe ukaweka uji chini, ukasimama katikati yetu.

"Ulipakia nini?" ukamuuliza.

"Samaki. Nilipakia samaki, nikashusha supu."

"Kuna mtu aliikalia?"

"Aikalie kwa nini?"

"Watu wa lori wanakalia. Sisi hatutengenezi viti."

Fundi alikohoa ili asicheke. Mimi nilikuwa nimeganda, si kwa sababu ya sanduku. Nilikuwa nimeinua macho nikaona kovu lake la kwenye nyusi. Yeye hakunijua, aliniacha nikiwa mtoto wa kusuka nywele za mstari. Mimi nilimjua. Alikuwa Esekon, baba yako.

Nilifanya nini? Nilipiga magoti kwenye sanduku nikaanza kulibandua, ili nisione uso wa mtu. Kuta zote nne zilikuwa vilevile: kingo ngumu, katikati gundi mbichi inanata vidoleni kama asali. Lakini sakafu, mabamba mawili ya chini, haikuachia. Nilivuta. Fundi akavuta. Baba yako, bado amekasirika, akaweka goti akavuta, na povu likapasuka vipande, gundi ikabaki.

"Povu limekufa," ukasema, lakini polepole, maana ulikuwa unafikiri. Kisha: "Hilo ndilo nililolikanyaga."

Nikakumbuka. Ulikuwa umetoka mtoni Turkwel na tope hadi magotini, ukapita juu ya bamba jeupe kabisa, ukaacha nyayo kama mtu aliyesaini. Nilikuvuta sikio. Nikakupa kitambaa cha maji ulipanguse mpaka liwe jeupe, ukapangusa huku unalia, na Fundi kwa haraka zake akalipaka gundi kabla halijakauka.

Nilisema kitu. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena.

"Ni maji. Gundi inataka maji. Imeandikwa."

Fundi alitazama mtungi wetu wa maji. "Gundi inywe maji," akasema, "na sisi tunywe nini?"

Wakacheka, hata baba yako akacheka, hasira ikamtoka. Na alipokuwa bado anacheka akakugeukia.

"Wewe wakili, unaitwa nani?"

"Ekiru."

"Ekiru wa nani?"

"Wa Akai."

Kicheko chake kilikatika hapo. Alinitazama mara ya pili, vizuri sasa. Mimi nilimtazama, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kumtazama mtu mzima machoni bila kukwepa. Nilitaka aone kwamba nilikuwa na jibu, na jibu ni wewe, mzima, mnene, mwenye mdomo. Aliliacha sanduku, akapanda lori.

Alirudi. Safari hii aliuliza kwa adabu kama anaweza kusaidia. Tulikuwa tumekata vipande vipya, vikubwa sasa, vya ukubwa wa ukuta, na wewe ulikuwa na kazi mpya ya kunyunyiza: maji mdomoni, pfuu, kidogo tu, bamba liwe kama limetoa jasho. Nusu ulikuwa unajinyunyizia mwenyewe. Nikampa baba yako vipande, nikamwambia, "Shemeji, hapa ni kivuli cha karakana. Vipeleke kule vitakakofanya kazi. Viache ufukweni, juani, kwenye maji ya samaki." Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mwanamume.

Akawa anavipeleka na kuvirudisha. Anachuchumaa pale mlangoni, anavipanga mchangani, anaeleza: hiki mawimbi yalikirusha, hiki mbuzi alikilamba, hiki kilipigwa na jua hadi kikawa cha njano. Wewe unavunja, unatangaza, yeye anapiga makofi. Halafu nikaona umeanza kusikia lori kabla halijafika. Unainua kichwa kama mbwa mdogo. Nikajua kazi imeanza kutoka mikononi mwangu.

Nilipaswa kukuambia ni nani. Baba yako aliniachia mimi niseme, alisema ni haki yangu. Mimi nikawa nasubiri siku nzuri. Kila siku nilikuta kasoro: leo joto, leo umelala mapema, leo una kikohozi. Hadi Fundi, ambaye mdomo wake hauna mlango, akakuambia, "Mpelekee baba yako chai." Nilikuona umesimama na kikombe. Hukumwaga hata tone. Ulikwenda ukakiweka mbele yake.

"Wewe ni baba?"

"Ndiyo."

"Yangu?"

"Yako."

Ukafikiri. "Sasa kwa nini unalipia masanduku?"

Watu wanalisimulia hilo hadi leo, wakicheka. Lakini mimi nilikuwepo jioni, uliponigeuzia mgongo kwenye mkeka ukauliza ukuta, "Mama alijua?" Nilijua, mwanangu. Kunyamaza kwangu hakukuwa kukudanganya, lakini kwako vilifanana, nami siwezi kukulaumu.

Sasa lile "sawa."

Baba yako ameoa Lowarengak. Mke wake nimekutana naye alipokuja kwenye kliniki. Ana sauti kubwa na mikono ya haraka, alinikumbatia kabla sijajiandaa. Kuna shule. Kuna ziwa ambalo kila siku unaniuliza kama lina mwisho, na mimi sijawahi kulitazama hadi mwisho nikakujibu. Aliponiomba, alisema, "Ukikataa, shemeji, nitaendelea kuja hivihivi, sitakasirika." Kwa hiyo ilikuwa juu yangu. Nilikuwa na uwezo wa kusema hapana. Nataka ulijue hilo: hakuna aliyenilazimisha.

Na nitakuambia na hili, ambalo ni gumu. Kuna sehemu yangu ndogo iliyofurahi. Niliwaza, nitalala hadi jua litoke. Niliwaza labda nitajiunga na chuo cha ufundi, nisome habari za hizi gundi na watu wanaozijua. Niliwaza hivyo wakati unakula, umekaa mbele yangu, na chakula kikanishinda. Siku hizi nimeacha kujichukia kwa ajili ya wazo hilo. Nililiwaza na bado nakupenda, vyote viwili vimo kwenye kichwa kimoja.

Lakini sehemu kubwa, ile iliyobaki, ilikuwa inapiga kelele. Ilikuwa inasema mwache hapa, ni wangu, nilimlaza kwa jedwali la kuzidisha, yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusema na watu, nitasemaje na watu asipokuwepo? Kelele zote hizo zilifika kooni, na kilichotoka ni "sawa." Wewe ukasikia sawa, chukua. Ukasikia nimechoka naye. Nisingekuwa mimi ningesikia hivyohivyo.

Mama Halima, nilipompigia simu kumweleza, alinigombeza. "Usimwekee mtoto machozi yako mfukoni. Aende mwepesi." Nimemfikiria sana. Ni mtu mzima na amesindikiza watoto wengi kuliko mimi; wengine wamekwenda nchi ambazo hawarudi. Labda yeye ndiye yuko sawa. Lakini mimi nimekujaribu wewe kwa kunyamaza siku hizi zote, na nimeona kinachotokea. Umekuwa mwepesi kweli, kama yale mabamba kabla ya kushikwa na kitu. Unapita mlangoni bila kugusa mlango.

Nikikuandikia kama mkubwa kwa mdogo, jambo nililolipata kwa gharama ni hili tu: mtu akinyamaza, usimjazie. Muulize. Utakutana na watu wa aina yangu huko, wapo kila mahali, wamekaa na jibu zuri kooni. Utamkuta mtoto darasani anatazama vidole vyake. Mama yako mpya naye, pamoja na kelele zake zote, atakuwa na siku zake za kunyamaza, na baba yako anazo nyingi. Miaka yote ile aliyopotea ilikuwa kunyamaza tu, aliona aibu kurudi kwa sababu alikuwa amekawia kurudi. Aliniambia mwenyewe. Wewe una mdomo ambao sisi hatukupewa. Tuulize. Tuulize hata kama tunakasirika.

Na mimi ungeniuliza. Ungeshuka kwenye lile rundo ukasema, "Mama, unataka niende?" kwa ile sauti yako ya uwakili, ningejibu, naapa. Lakini wewe bado mtoto, hiyo haikuwa kazi yako. Ilikuwa yangu.

Nasikia watu wanakuja. Ni Fundi, anakusindikiza, namsikia anakutania kwamba samaki wa Lowarengak wanakula watoto wanaoongea sana, nawe unamjibu kwamba basi watakufa kwa kushiba. Umechangamka naye. Ukifika hapa utanyamaza.

Barua hii nitaitia kwenye begi lako, chini ya sare, utaisoma huko ukipenda. Lakini neno lenyewe sitaki lisafiri kwa lori lifike limechelewa. Nasimama sasa hivi, nakuja kukupokea pale barabarani, na nitakuambia mbele ya Fundi, acha acheke: sikutaka uende. Nimekubali, na sikutaka. Uamke ukijua hivyo. Na kesho ukisema unabaki, begi nitalifungua mimi mwenyewe.

Sauti ikitoka ndogo, sogea karibu.

Akai, mama yako